Mstaafu na Kigong'ota

Mwenye nyumba ya wageni alikwisha pokea wastaafu wa kila namna, lakini huyu wa chumba cha nyuma alimshinda kumsoma. Mzee mzima, kutwa kakalia ndoo iliyopinduliwa, kamera gotini, anautazama mti mkavu ulioegemea paa. Vidole vyake vinene vilifuta lenzi kwa kitambaa, vikatulia, vikafuta tena. Kila ndege alimsalimu kwa sauti ya chini: shomoro alikuwa "dada", kunguru "mheshimiwa". Leo mkata miti alikuja na shoka.

"Mama, nusu saa tu," mzee aliomba. "Kigong'ota yumo tunduni. Nimemfuata mikoa mitatu. Mti ukianguka, simwoni tena."

"Babu, paa langu halina subira. Dakika kumi."

"Ishirini, na kuni nabeba mimi."

"Zote?"

"Zote."

Dakika ya kumi na nane, kichwa chekundu kikachungulia. Kamera ikalia mara moja, ndege akarudi ndani. Mama akainama kutazama: picha safi, kila unyoya unahesabika.

"Haya, umempata. Simama ubebe kuni."

Mzee alitikisa kichwa. "Kafumba macho. Miaka thelathini nimepiga watu picha za vitambulisho. Aliyefumba macho sikumpa picha, hata akipiga kelele." Akaligeukia tundu. "Samahani, bwana. Tunarudia."

Mama alimtazama yeye, akatazama paa, akaguna.

"Weka shoka chini, wewe," akamwambia mkata miti. "Kazi mbovu haitoki nyumbani kwangu."