Sauti Niliyotuma Biliqo

Aibu hii naisimulia nikiwa nimeinamisha kichwa, na mkitaka kucheka chekeni tu, mimi bado nimeshindwa.

Mimi ni karani wa soko la mifugo hapa Isiolo. Kila asubuhi natuma bei ya mbuzi na ngamia kwa grupu ya simu ya wafugaji wa kijiji cha Biliqo, tena kwa sauti, maana wazee wengi kule hawasomi, na sauti yangu wanaiamini kama ya mtoto wao. Kazi yangu nyingine, ile isiyo na mshahara, ni kutunga hadithi. Jioni nafika nyumbani nimechoka hata kalamu siioni, basi nikajipa akili kwamba nitatunga hapo hapo sokoni malori yakichelewa, nijirekodi na kujitumia mwenyewe.

Siku hiyo nilifika mahali patamu, mama wa kwenye hadithi anapigia kijiji simu kwamba wezi wamekuja. Nikajificha nyuma ya lori nikamwigiza kwa roho yote (machozi yalitoka, nikajisifu): "Salaam aleikum watu wa Biliqo, ngamia wamechukuliwa, wanapelekwa mtoni, tokeni!" Nikatuma, nikatia simu mfukoni, nikarudi kazini.

Wakati wa kutuma bei ndipo nikaona haikuja kwangu. Ilienda kwa grupu.

Nilifuta lakini walishasikiza. Nikampigia Abba Guyo, mwenyekiti wao, hapatikani. Nikampigia mkewe, Mama Kabale.

"Wanaume wametoka na bunduki," akasema. "Hata Guyo, na magoti yake hayo."

"Mama, hiyo ilikuwa hadithi."

"Hadithi gani inalia, Halima?"

Akasema mwalimu wa madrasa ana pikipiki, atamtuma awafuate, kisha laini ikakatika.

Nilikaa juu ya gunia. Mchuuzi akaniuliza bei ya beberu nikamjibu, "Hadithi." Niliogopa kweli, maana saa hizo watu wa ng'ambo ya mto hunywesha ngamia wao pale, hawana habari na mambo yetu, na mtu anayetafuta ngamia wa wizi atawaona hao kwanza.

Alasiri Abba Guyo akapiga. "Tuliwakuta watu wa ng'ambo mtoni. Kijana wetu mmoja alikuwa amelenga. Ndio pikipiki ikatokea, mwalimu anapiga honi kama amerukwa na akili." Akavuta pumzi. "Utaleta mbuzi wa faini. Na hiyo hadithi utakuja uimalize mbele yetu, na wao pia tumewaita."

Ijumaa baada ya swala nikasimama katikati yao, hawa huku, wale kule. Nilisimulia vizuri mpaka wezi wakafika mtoni, hapo nikakwama, kwa sababu mwisho sikuwa nao (sijawahi kumaliza hadithi hata moja, nasingizia kazi). Kijana aliyelenga alikuwa ameketi mbele, haniangalii.

"Halafu?" Abba Guyo akauliza.

"Halafu pikipiki ikafika," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Yule kijana akajifunika uso na shuka yake, na mzee mmoja wa ng'ambo akaenda kuketi karibu naye.

Tangu hapo natunga nyumbani, kwa kalamu, na uchovu wangu. Na kila asubuhi, kwa amri ya Mama Kabale, kabla sijataja hata mbuzi mmoja, lazima niseme: "Salaam aleikum. Hii ni bei, si hadithi."