Bango la Baba wa Bibi Harusi

Ijumaa, saa nne asubuhi. Parlin Sihotang amepiga magoti mbele ya bango la maua lililomzidi kimo, pini mdomoni. Jina LASMA ameshalichomeka. Neno la pili analichomeka, analichomoa, analichomeka tena.

Miaka kumi na tisa amefanya kazi katika karakana ya Mama Hotma, pembezoni mwa mji wa Medan, Indonesia. Anakata herufi kwenye povu gumu, anazipaka rangi na kuzipanga kati ya maua. Hongera. Poleni. Heri ya ndoa. Mabango husimamishwa barabarani, nje ya harusi na misiba, na jina la mtumaji ndilo huwa kubwa kuliko yote, maana mjini hapa hakuna anayetuma bango ili ajifiche. Kwa kila moja Parlin hupata rupia elfu thelathini.

"Maneno ya watu nimeyaandika mpaka nayaota," anasema. "Yangu, hata moja."

Kesho binti yake wa pekee, Lasma, anaolewa na kuhamia Papua, mbali kule mashariki mwa nchi. Bango hili Parlin anamtengenezea yeye.

Si kwamba harusi ya Kibatak, kabila lao, ina uhaba wa maneno. Yapo ya kutwa nzima, ila ya baba wa bibi harusi mengi husemwa na msemaji wa ukoo. Hata mkewe Parlin alipofariki, msemaji alisema vizuri, watu wakalia, naye akarudi nyumbani na yake yote kifuani. Hilo linamtafuna hadi leo.

"Mama yake sikumwambia kitu. Na huyu naye aende hivi hivi?"

Lakini anaogopa, wala hafichi. Wakwe watadhani anamng'ang'ania binti. Wazee watasema amekuwa legelege. Na Lasma mwenyewe, je, akiona aibu?

Bango linapokamilika linasomeka: LASMA, NYUMBA ITAKUWA KIMYA. NITAKUKUMBUKA KILA SIKU. Ila kwa woga huo, mahali pa jina la mtumaji amepaacha wazi.

Binsar, dereva wa karakana na kaka wa marehemu mkewe, analisoma kisha anashika kichwa.

"Shemeji, unataka kuvunja harusi?"

"Nimekosea herufi?"

"Herufi gani! Hili ni bango la mpenzi aliyeachwa! Bwana harusi akilisoma atauliza huyu wa kila siku ni nani!"

Mama Hotma anatoka ofisini, anasoma, anacheka mpaka anajishika kiuno. Parlin hacheki. Jasho linamtoka. Jambo hilo halikuwa limempitia akilini hata kidogo.

"Baba Lasma," anasema Mama Hotma, sasa kwa upole, "weka jina, au livunje. Bila jina halitoki hapa."

"Nikiweka, mji mzima utajua."

"Kwani bango ni la kazi gani?"

Parlin anakaa chini. Binsar anamwashia sigara, inaungua yenyewe vidoleni. Anasema afadhali avunje. Anainuka, anachomoa herufi ya kwanza ya KIMYA, anaitazama, anairudisha.

Kisha anakwenda kwenye rafu ya juu, kwenye herufi nyekundu wanazowekewa wakubwa wa serikali na wenye kampuni. Anachagua sita. BABAKO.

"Makubwa hayo!" Binsar anamtania. "Unagombea ugavana?"

"Nataka azione akiwa bado garini."

Kesho asubuhi Binsar atalipeleka kanisani. Parlin amemwomba alisimamishe karibu na lango, mahali gari la bibi harusi litakaposimama. Chai aliyoletewa hajaigusa.

"Na akipita bila kulisoma?" anauliza Binsar, akifunga kamba.

Parlin anatema pini ya mwisho kiganjani.

"Basi," anasema, "nitamsomea mwenyewe."