Siku Bibi Alipojipeleka Polisi

Juzi nilimwona mkunga mzee akishushwa kwenye karandinga mahakamani, nikamkumbuka bibi yangu, aliyekuwa akizalisha wanawake nyumbani kwetu Mbagala. Mchana mmoja, nikiwa mdogo, alioga, akajifukiza udi, akavaa kanga mpya. Nikadhani anaenda harusini, nikamwomba aniletee pilau.

"Naenda polisi, mjukuu wangu," alisema taratibu. "Jana mzazi alinifia mikononi. Nilichelewa kumpeleka hospitali."

Mama alikuwa akilia. "Nenda Pugu kwa kaka, Mama. Polisi hawajaja bado."

"Ndiyo maana naenda sasa. Mume wa marehemu ausikie ukweli kutoka kwangu."

Alifungwa miaka miwili. Aliporudi, mjamzito wa kwanza aliyempigia hodi, Bibi alimsindikiza hospitali kwa miguu, akakaa naye mpaka akajifungua.