Kaburi ya nyuma ya galerie

Mu centre ya Butembo, kule makamyo inashushaka mizigo, nyumba za étage, za ghorofa, zimeshikana mpaka jua haifike chini mbele ya saa sita. Katikati yao kulikuwa nyumba moja ya mbao, mabati yenye kutu, imefinywa kati ya galerie mbili, zile nyumba kubwa za maduka. Ilikuwa nyumba ya Mama Orpa. Mimi nilikuwa nauza muchele mbele ya mulango yake miaka mingi, basi haya ninayoandika sikuambiwa na mutu.

Batu balikuwa banamucheka. "Mama ule anakalia dhahabu na anakula majani ya sombe," ndiyo balivyosema. Uongo. Mama Orpa alikuwa anakalia bwana yake.

Malachie alijenga pale wakati kulikuwa miti ya kalitusi na vyura tu. Alipokufa bakamuzika mu parcelle, kiwanja yake, nyuma ya nyumba, sawa batu ya kwetu banavyofanyaka. Kisha muji ikakuja ikamuzunguka. Bakaweka générateur pembeni yake, bamotard bakaegemesha pikipiki ku musalaba. Mama Orpa alikuwa anatoka na fagio.

"Toa chuma yako juu ya tumbo ya bwana yangu."

"Mama, tumbo ile iliisha kitambo," motard mumoja alimujibu siku moja.

"Yako nayo itaisha. Toa."

Alitoa.

Kila asubuhi, mbele ya kuwasha moto ya makala, Mama Orpa alikuwa anaikala ku ciment ya kaburi na kumupatia Malachie habari: bei ya maharagi, nani amefiwa, mukwe gani hana akili. Aliikala kila mara ku upande ya musalaba, karibu na ukuta ya galerie, kwa sababu kule njo kwenye kichwa, na masikio iko ku kichwa.

Batoto balichoka naye. Binti yake Jemima, mwenye kuolewa Beni, alimuita aende kule. Mama alisema Beni kuna joto na risasi, na yeye hapendi vyote viwili. Mathe, mutoto yake ya kwanza, mwenye kazi mu magazini, duka ya simu, mu galerie ya jirani, alimuambia auze, auze. Mwisho mvua njo ilimushinda. Maji ya mabati ya galerie zote mbili ilikuwa inaanguka mu chumba yake, akalala na miguu ndani ya maji. Akakubali kuuzia mufanyabiashara mumoja, lakini na sharti yake.

"Ninahama na Malachie," alisema mbele yetu bote. "Tunamupeleka Masereka, mu shamba ya baba yake, na mimi mutanizika pembeni yake. Kama hapana, ninafia hapa, mashine yenu itupitie bote babili."

Mununuzi alikubali. Abbé, padri yetu, alikubali. Issaka, jirani mwenye kamyo, Muislamu ya Beni, alisema atababeba bure. "Malachie njo alinifundisha kufunga mizigo," alisema. "Nitamufunga vizuri." Wakati ile njia ya kupanda Masereka ilikuwa ingali inapitika.

Mathe peke yake hakufurahi. Alitafuta sababu: leo mvua, kesho abbé amesafiri.

"Mama, kusumbua mufu ni ya nini? Tubebe udongo kidogo ya kaburi, inatosha."

"Udongo ile nimemwagia maji ya vyombo miaka yote. Nataka mutu."

Mimi nilifikiri ni uvivu.

Siku ya kuchimba, Mama Orpa alileta shuka nyeupe, mupya, ameishona pindo na mukono. Sanduku ndogo ilikuwa tayari. Ananie, mukubwa ya bachimbaji, alivunja ciment kuanzia ku musalaba, akachimba mpaka akabaki kuonekana mabega. Kisha akainua kichwa.

"Mama, hapa chini ya musalaba ni miguu."

"Ya nani?"

"Ya mutu ya kaburi. Lakini ni miguu."

Alifuata mifupa na mukono, pole pole, kutoka ku nyayo mpaka ku magoti. Ku magoti ilikuwa inaingia mu ciment. Ile ilikuwa fondation, musingi ya galerie.

Tulimuangalia Mathe mbele ya yeye kusema neno. Aliikala ku tofali, akaeleza.

Ilikuwa ile mwaka Mama Orpa alienda Beni kukaa na Jemima mwenye kuzaa, kisha bauaji bakakata njia, akashindwa kurudi haraka. Mwenye galerie alitaka kupanua kidogo, metre moja tu. Mathe alimukubalia. Bamaçon, mafundi ya kujenga, balichimba bila kuuliza.

"Kwa ile njo balinipa kazi ya magazini," alisema Mathe.

Nilikumbuka vile Mama Orpa alirudi kutoka Beni. Alikuta kaburi ina ciment mupya, musalaba imesogezwa na kupakwa rangi. Alifikiri ni kutengeneza tu, akamushukuru mutoto yake, akamuchinjia kuku. Nilikula ile kuku.

Mama Orpa hakulia.

"Kichwa iko wapi?"

"Ndani ya fondation, Mama."

"Simama unionyeshe."

Tulizunguka ku kichochoro, tukaingia mu galerie. Kichwa ilikuwa pale chini, kwenye mulango ya magazini ya makaro, vigae ya sakafu. Mama Orpa alivua viatu, akasimama juu.

"Haitoke?" Mama alimuuliza Ananie.

"Tukivunja hapa, étage yote inashuka kutusalimia."

Issaka alisema polepole, "Mama, tupeleke basi ile tuliyopata."

"Miguu ifike Masereka bila mwenyewe? Itafanya nini kule?"

Alirudi nyuma, akatandika shuka ndani ya shimo juu ya ile mifupa, akasema bafunike. Parcelle alikuwa ameisha kuuza. Mashine ikakuja, na leo pale kuna nguzo ya étage mupya.

Sasa anakaa ku mujukuu yake, mbali, kule juu ya mulima. Kila asubuhi anashuka na miguu mpaka mu centre, anaweka beseni ya avoka ku mulango ya magazini ya makaro. Bénite, binti mwenye kuuza mule ndani, alijaribu kumufukuza.

"Koko, bibi yangu, unafungia baclients njia."

"Bapite pembeni. Hapa kuna mutu."

Amemuacha. Vita ilipanda mpaka Lubero, kamyo ya Issaka haipande tena Masereka. Batu banamufariji Mama Orpa kwamba njia itafunguka.

"Ifunguke, ibaki imefungwa," anajibu. "Mimi mizigo sina."

Mathe angali anatumika kazi mu ile galerie. Anapita pale kila asubuhi, anamuamkia mama yake, mama anaangalia avoka zake. Kisha Mathe anainama, anachagua moja, anauliza bei sawa mutu asiyemujua. Mama anamuambia bei ya batu bote.