Imondo Ndani ya Saladi

Kuna watu wanaoamini kwamba saladi ya kuku ni chakula cha hoteli, cha kuliwa kwa uma na watu wanaoogopa kuchafua vidole. Mimi na watu hao hatuelewani. Saladi niliyolelewa nayo ililiwa kwa mkono, wakati mwingine kwa ugali, na ndiyo iliyoamua kama mama yangu angekuwa na kwao au angebaki mgeni maisha yake yote.

Mama alijifunza kuitengeneza Kitale, miaka ya themanini. Alikuwa fundi wa cherehani kwenye veranda ya duka la vitambaa la Kalasinga mmoja. Familia hiyo iliishi orofani, juu ya duka, na saa za chakula cha mchana mke wa mwenye duka alishuka na bakuli, akaketi kwenye ngazi za nyuma, akamwita mama wale pamoja. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, na alifundisha mapishi kama anayemgombeza mtu.

"Hapana chemsha sana!" alikuwa akimwambia mama. "Kuku iko laini, wewe toa moto. Wacha yeye lala ndani ya supu yake. Baridi ikiingia, ndiyo wewe toa."

Ndivyo mama alivyofanya mpaka uzee wake. Kuku alichemshwa na tangawizi na kitunguu saumu, akaachwa apoe ndani ya supu, kisha akachambuliwa kwa vidole, nyuzi kwa nyuzi, kwani kisu kinaiua nyama mara ya pili. Maziwa mgando yalifungwa ndani ya kitambaa cheupe, mabaki ya dukani, yakaning'inizwa juu ya beseni mpaka maji yote yakatoka na yakabaki mazito. Akayachanganya na krimu ya maziwa ya asubuhi, maana maziwa ya Kitale wakati ule yalikuwa maziwa kweli, si haya ya leo yanayopita kooni kama maji ya kuoshea vyombo. Jira ilikaangwa kavu mpaka jirani aulize kuna nini, ikatwangwa. Halafu kitunguu, dania, limau, na pilipili mbichi bila huruma.

Ukiionja, kwanza inakudanganya. Ni baridi na ina utamu wa maziwa. Pilipili inakuja baadaye, kwa nyuma, wakati umeshajisifu kwamba wewe huogopi.

Baba aliiita "kuku wa jana" kwa sababu ililiwa baridi. Hilo halikumzuia kuongeza mara mbili. Na hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Baba alikuwa Mbukusu wa Malakisi, na kwa Wabukusu kuku hana kiungo kisicho na mwenyewe. Mgeni huletewa kuku ambaye viungo vyake vyote vinaonekana, na juu yake hukaa firigisi, ambayo kwa lugha ya baba ni imondo. Imondo ni ya mwanamume, tena yule mwenye heshima kuliko wote waliopo. Mwanamke haigusi kwa mdomo. Lakini mke wa Kalasinga alikatakata kila kitu ndani ya saladi, firigisi ikiwemo, na mama akafuata. Kwa hiyo nyumbani kwetu tulikula imondo sote, mama na sisi wasichana, vipande vidogo vilivyojificha ndani ya krimu. Baba alijua. Alitafuna akitazama dirishani, kama mtu aliyeamua kwamba asichokiona hakipo.

Sasa nimtaje baba mkubwa, kaka yake baba, aliyelima tumbaku Malakisi. Wazazi wao walifariki mapema, na yeye ndiye aliyemlea baba na kumsomesha. Baba alipopata kazi ya serikali Kitale, alimpenda mama, msichana wa Kachibora asiye wa kabila lake, akamwoa bila kumpeleka kwanza Malakisi aonekane. Baba mkubwa hakuwahi kulalamika. Alichofanya ni kutokula. Alikuja kututembelea, akatubariki sisi watoto, akaketi, na chakula kilipoletwa alisema, "Nimeshiba." Hata chai alikuwa ameshakunywa stendi. Alimsemesha mama kwa upole, lakini hakumwita mulamwa, jina ambalo Mbukusu humwita mke wa ndugu yake. Alimwita "huyu mama."

Mtu akikutukana unaweza kujibu. Akikuambia ameshiba, utamjibu nini? Mama alirudisha sahani jikoni mwaka baada ya mwaka, akala hicho chakula yeye mwenyewe akiwa amesimama, na ninakumbuka nilivyomchukia yule mzee kwa sababu hiyo. Nilimchukia kabisa, kwa moyo wote wa mtoto.

Mwishoni mwa miaka hiyo baba alianza kusema habari za kujenga nyumbani. Shamba la baba yao lilikuwa Malakisi, na kaka yake ndiye angemwonyesha mahali pa kuweka msingi. Mama hakugombana. Alisema tu, akikata uzi kwa meno, "Jenga. Lakini mimi siwezi kukaa kando ya mtu ambaye hali chakula changu. Nitakuwa mgeni huko mpaka siku mtakayonizika."

 Baba alijua mama hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Dereva wa lori la tumbaku akaleta habari kwamba baba mkubwa angekuja Jumapili kuzungumza mambo ya shamba. Akaongeza kwamba mzee alikuwa ameteswa na meno, na karibu yote yalikuwa yameng'olewa Bungoma. Mama alisikia hilo la mwisho kuliko yote. Nilimwona akisimamisha cherehani.

Jumapili asubuhi baba alichinja kuku, akaenda stendi kumpokea kaka yake bila kuuliza angepikwaje. Mama akapika saladi. Aliniambia, huku tukichambua, "Leo hatasema ameshiba. Mtu ambaye hana meno huona njaa, na hiki hakihitaji meno." Alipunguza pilipili kidogo, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa ajili ya mtu yeyote. Nyama aliichambua laini kupita kawaida. Nadhani hakuwahi kupika chakula kwa mapenzi kama siku hiyo, na kilikuwa cha mtu aliyemnyima jina.

Firigisi? Mkono wake uliikatakata kama ulivyozoea. Wala hakuiangalia.

Ungedhani wageni ni sisi. Mzee alikuja ametulia, kofia mkononi, mashavu yamebonyea. Nilimnawisha mikono. Mama aliweka bakuli mezani, akaliweka mbele yake hasa, akarudi nyuma akasimama kwenye mlango wa jikoni. Baba mkubwa alilitazama lile bakuli kwa muda.

"Kuku iko wapi?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo, Baba," mama alisema.

"Mimi naona mboga nyeupe. Hii kuku ilikuwa na miguu, ama ilikuwa inatembea na tumbo?"

Mdogo wangu alicheka, nikamfinya. Mzee hakucheka.

"Na imondo je?"

Mama alifungua mdomo, na hapo ndipo nilipomwona akielewa alichokifanya. Uso wake uliniuma. "Imo ndani, Baba. Nimeikatakata."

"Ndani." Mzee aligeuka, akamtazama ndugu yake, kisha akatutazama sisi wasichana mmoja mmoja. "Kumbe huku kwenu hata hawa wanakula imondo?"

Baba, ambaye ofisini aliogopwa, aliangalia kikombe chake. Kisha alisimama, akatoka nje, na tukasikia kuku wakipiga kelele uani. Alirudi amemshika jogoo miguu, jogoo wetu wa pekee, aliyetuamsha kila asubuhi. Mama alimpokea, akaingia naye jikoni.

Kile kilikuwa kipindi kirefu. Jogoo mzee haivi upesi. Baba mkubwa angeweza kuondoka, lakini alikaa, akasikiliza redio, na saladi ikakaa mbele yake imefunikwa kwa kitambaa. Jikoni mama aliuchochea moto kwa nguvu, maneno yote aliyotaka kusema yakiishia kwenye kuni. Nilimwambia, "Mama, si tumwache tu aende?" Akanijibu, "Akienda leo, ameenda na nyumba yangu."

Hatimaye jogoo alipelekwa, mapaja, mabawa, mgongo, shingo, miguu, vyote vikionekana, na imondo juu kama ilivyotakiwa. Mama alikuwa ameshashindwa, nadhani, na kwa hiyo hakuwa na la kuogopa: alifunua na lile bakuli la saladi, akaliacha pale pale kando ya jogoo. Akarudi mlangoni.

Baba mkubwa aliomba, tukasema amina. Aliichukua imondo kwa vidole viwili, akaigeuzageuza kama anayekagua jani la tumbaku. Sote tulisubiri aitie mdomoni. Badala yake alinyoosha mkono kuvuka meza, akaiweka kwenye sahani ya baba.

"Kula," alimwambia. "Mwenye boma ni wewe."

Baba hakuinua uso. Aliila polepole, akaitafuna muda mrefu kuliko firigisi moja inavyohitaji. Mzee naye alikata tonge la ugali, akalibonyeza katikati kwa kidole gumba, akachota saladi. Akala. Akachota tena. Pilipili ilipomfikia alikohoa, akafuta macho, akasema, "Ai, hii mboga iko na hasira, bana." Aliendelea mpaka sehemu ya chini ya bakuli ikaonekana. Ndipo akageuka kuelekea mlangoni.

"Mulamwa," alisema, "iko ingine?"

Mama aliingia jikoni. Haikuwepo nyingine. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akalia bila sauti, kisha akakwangua sufuria, akapata kijiko kimoja, akampelekea hicho.

Nyumba ilijengwa Malakisi, na mwanzoni mwa miaka ya tisini wazazi wangu wakahamia huko. Mimi nilibaki Kitale kufundisha, nikawa nawatembelea likizo. Baba mkubwa alivuka ua kila mama alipochinja kuku, amebeba kijiko chake mwenyewe mfukoni mwa koti. Mikutano ya kanisa, matanga, sherehe za kulipa mahari, wanawake wa pale walimtuma mama atengeneze "ile ya mzee." Wakajifunza nao. Lakini walipowaandalia wanaume waliitoa imondo, wakaiweka pembeni kwenye kisahani, na mama akawaunga mkono. Alisema mtu anaweza kufungua dirisha bila kubomoa ukuta.

Hata hivyo kulikuwa na mabishano ambayo hayakwisha kati yake na baba. Baba aliamini kwamba siku ile kaka yake alimpa imondo kwa heshima, kwamba mbele yetu sote alimtambua kuwa mtu mwenye mke na nyumba. Mama alisema ni meno. "Angeitafuna na nini?" alikuwa akisema. "Alikupa kwa sababu ilimshinda. Na mulamwa alinipa kwa sababu ya njaa." Alilisema kwa kutania, lakini nilimfahamu. Miaka yote hiyo alipika, alipendwa, aliitwa jina, na bado ndani yake palikuwa na kona iliyosema: ulipita kwa bahati, kwa sababu mzee hakuwa na meno. Hilo lilinisikitisha.

Baba mkubwa alifariki baba akiwa ameshatangulia. Siku iliyofuata mazishi nilimkuta mama jikoni akichambua kuku wa waombolezaji. Niliketi nimsaidie. Akaniambia kwamba katika wiki za mwisho, alipokuwa akimlisha mzee saladi kwa kile kijiko chake, alimuuliza.

"Nilimwambia, Baba, leo niambie ukweli. Ile Jumapili ya Kitale, imondo ulimpa ndugu yako kwa ajili ya heshima, ama ni kwa sababu ya meno?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamshika mkono, akafungua mdomo wazi, akamwonyesha ndani kabisa, upande wa kulia. Yalikuwepo magego mawili, moja juu na jingine chini. Aliyagonganisha ili ayasikie.

"Haya hawakutoa," alimwambia. "Yanakutana vizuri. Imondo moja, mulamwa, singeshindwa."

 Vidole vya mama vilikuwa vimesimama ndani ya nyama. Alitafuta firigisi kwenye bakuli la viungo vya kuku, akaiosha, akaiweka kwenye kisahani, na kisahani akakiweka mahali mezani ambapo mzee alizoea kuketi. Kisha akaniambia nimletee pilipili, zote, safari hii bila kupunguza.