Mlia Mmoja wa Kijani

Siku Bwanaheri alipomwona Mwaija kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo alikuwa amelikalia godoro kibarazani kama mtu aliyempanda punda, anavuta sindano ndefu kwa meno. Sufi ilikuwa imemjaa kichwani na kwenye nyusi. Ilikuwa mwezi wa Shaabani, mwaka uliofuata Azimio la Arusha, wakati watu wa Bagamoyo wanapoanza kupaka nyumba zao chokaa ili Ramadhani iwakute safi. Bwanaheri aliitwa kwa kazi hiyo. Alipiga hodi, akaona, akayashusha macho mpaka kwenye vidole vyake vya miguu.

"Karibu, fundi," Mwaija akasema. "Usiogope. Mvi hizi ni za sufi, zikipigwa upepo zinaondoka."

Bwanaheri alitaka kucheka, lakini kicheko kilipofika kooni kikageuka kikohozi. Akasema chokaa ameshailoweka.

Mwaija alikuwa mjane. Mumewe, Haji, alikufa kwa homa, akamwachia binti mmoja, Mize, wa miaka sita hivi. Kushona magodoro alifundishwa na mama yake. Mjini walisema ukilala juu ya godoro la Mwaija, hata adhana ya alfajiri unaisikia kwa mbali. Mdomo wake haukuwa na kufuli. Mteja akileta sufi kuukuu na kuapa kuwa ni mpya, yeye huifikicha kidogo vidoleni akamwambia, "Mpya, ndugu yangu? Hii imeshasikia ndoto za ukoo mzima." Na mteja huyo huyo kesho yake humletea ndizi.

Aliishi na shangazi yake, Bi Ashatu, katika nyumba ya mawe ambayo chumvi ilikuwa imeitafuna. Katika chumba cha Mize, ukuta wa upande wa pwani ulikuwa na doa kubwa la unyevu. Mize alisema ni babu mwenye sikio moja kubwa, na kwamba anamsikiliza akilala. Kila mwaka ukuta ulipakwa chokaa, doa likapotea majuma machache, kisha babu akarudi na sikio lake. Mtoto akakataa kulala humo. Alilala kwa mama yake, na magodoro ya wateja yalirundikwa chumbani kwake badala yake.

Mwaija akamuuliza fundi kama kuna dawa. Kabla Bwanaheri hajajibu, Mize akasema anataka milia ya rangi, kama ile ya kitambaa cha godoro, kuanzia juu mpaka chini, ili yule babu afungiwe humo kama kuku kwenye tenga.

Bi Ashatu akauliza tangu lini watu wakaishi ndani ya punda milia. Lakini Bwanaheri aliutazama ukuta, akasema inawezekana.

Alikuwa amepita miaka arobaini. Ujanani aliwahi kuoa, lakini mkewe aliomba talaka, akasema amechoka kuishi na mtu ambaye hata chakula kikiwa hakina chumvi hasemi. Tangu hapo aliishi na makopo yake. Kazi aliijua. Kwa buluu alitia nili ya kufulia kwenye chokaa. Kwa wekundu alitumia udongo wa Miono. Manjano na kijani alinunua unga dukani, na katika kila kopo alitia konzi ya chumvi ili rangi isishike nguo za mtoto.

Ili milia inyooke, mtu mmoja hushika uzi uliopakwa makaa huku juu, mwingine huushika chini, kisha unavutwa na kuachwa upige ukuta. Wa juu alikuwa Bwanaheri. Wa chini alikuwa Mwaija. Bi Ashatu alikaa mlangoni akisuka ukindu wake, kwa sababu mwanamume mgeni haachwi peke yake na mjane.

"Vuta, fundi," Mwaija alisema. "Uzi hauumi."

"Fundi huyu anazungumza na ukuta tu," Bi Ashatu akasema. "Ukuta una bahati."

Bwanaheri alikwenda nyumbani akitabasamu peke yake njia nzima. Alikuwa hajapata kutaniwa hivyo na watu wasiomcheka.

Kazi ilipokaribia kwisha, ndipo alipoanza kuingiwa na hofu. Nyumba ya mjane haiingiwi bila sababu, na sababu yake yeye ilikuwa burashi. Ukuta ukiisha, atapiga hodi gani? Basi ulipobaki mlia mmoja pembeni, mlia wa kijani, akasema kijani kimemwishia, na dukani hakipo mpaka kije kutoka Dar es Salaam. Kopo la kijani akaondoka nalo kwenye kikapu, akalificha kibarazani kwake chini ya gunia.

Tangu hapo alipita kila alipopata nafasi. Hubisha, akauliza kama ukuta umekauka, akasema kijani hakijafika. Ramadhani ilipoingia, akawa anapita karibu na futari, akipewa uji kibarazani. Wakimuuliza lini, yeye hujibu, "Kesho, inshallah." Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu mafundi wote wa pwani wana kesho yao. Bi Ashatu alisema kesho ya fundi na kamwe ni mtu na binamu yake, wakacheka wote. Bwanaheri naye akacheka, akaona maficho yake ni mazuri.

Lakini sikio la yule babu lilikuwa limebaki katika ile nafasi isiyopakwa. Kichwa kilifungwa, sikio likawa nje. Mize alisema sasa ndiyo linasikia zaidi, akaendelea kulala kwa mama yake. Mwaija alimweleza Bwanaheri jambo hilo kwa upole. Lilimchoma. Alitazama chini, akasema kesho.

Siku moja, Bwanaheri akiwa Mbegani kwenye kazi ya mtu, Mize alitumwa kwake kumrudishia burashi aliyoisahau. Bwanaheri aliporudi aliikuta juu ya gunia. Akaitia kwenye maji, wala hakufikiri zaidi.

Ramadhani ilikuwa imefika katikati Mwaija aliposema, macho yakiwa kwenye sindano, kwamba Seleman wa Ubena, dereva wa lori anayemletea sufi, ametuma wazee wake kumposa. Wamempa mpaka Idi awe amejibu.

"Wewe unaonaje, fundi?"

Neno alikuwa nalo. Lakini akasema Seleman ni mtu mwema.

"Ni mwema," Mwaija akakubali. Akavuta uzi mpaka mwisho, akaukata. "Na mlia wetu je?"

"Kesho, inshallah."

Jioni ile, baada ya kufuturu, Bwanaheri alikwenda kwa Mzee Mwinyijuma, mkubwa wa ukoo wao, ili amwombe awe mshenga wake. Alikaa. Wakazungumza habari za mvua, na bati la msikiti, na jino la mzee. Mwinyijuma akamuuliza kama ana neno. Bwanaheri akasema amekuja kujua kama angependa nyumba yake ipakwe chokaa. Mzee akamtazama sana.

"Mwanangu, si umeipaka wewe juma lililopita?"

Akaaga.

Idi ikaja, Mwaija akajibu ndiyo. Akaolewa, na siku ya kuhama lori likasimama mbele ya nyumba. Hapo ndipo Bwanaheri alipolitoa kopo chini ya gunia, akakoroga kijani, akaenda. Seleman alikuwa anafunga kamba juu ya magodoro. Alimsalimu kwa uchangamfu, akamwambia apite ndani tu, kwani wenyewe wapo.

Mwaija alikuwa chumbani kwa Mize, anafagia. Bi Ashatu hakuwapo mlangoni. Alikuwa ameshapanda lori.

"Nimekuja kuumaliza," Bwanaheri akasema.

Mwaija alilitazama lile kopo bila kushangaa. Akamwambia asijisumbue, nyumba inachukuliwa na binamu yake, na yeye atapaka nyeupe kote. Nje honi ikalia. Aliegemeza ufagio ukutani, juu ya sikio, akajifunga buibui na kumshika Mize mkono. Kizingitini akageuka.

"Kopo hilo Mize aliliona kwako, siku ile alipoleta burashi. Nikasema, mtu anayeficha rangi ana neno. Nikalingoja, fundi. Nimelingoja mpaka Idi."