Nilimwambia Machikichi Yamepoa

Bwana mwenye ukurasa, jina langu lifiche. Waambie watu ni mwanamke wa pwani ya ziwa, upande wa Rumonge, inatosha.

Salamu kwenu mnaosoma na mnaosomewa. Miaka yangu ni arobaini na kitu, ni mjane, ni Muislamu. Nimesoma juzuu chache chuoni, na herufi za Kizungu nilifundishwa na marehemu mume wangu. Maneno yakipinda mnisamehe, naandika mwenyewe kwa sababu jambo hili siwezi kumwambia mtu aniandikie.

Nina mtoto mmoja, wa kiume. Mwaka jana alioa binti wa kijiji cha Kigwena, nitamwita Tausi, si jina lake, umri wake labda ishirini. Baada ya arusi mwanangu akaenda kwenye kazi ya reli ya Wadachi wanaotutawala, kule Ujiji. Siku ya kuondoka aliniambia, "Mama, huyu ni binti yako." Nikasema inshallah. Mungu alinisikia nikisema.

Haikupita miezi mitatu Tausi akaanza. Leo mabega yanauma, kesho mgongo. Mara mikono inawaka kama ameshika pilipili, mara vidole havishiki, mtungi unaanguka. Akifagia nusu ya uwanja anakaa chini anahema kama mpagazi aliyetua mzigo. Kisha akaja na neno ambalo sijapata kulisikia: "Mama, miguu yangu siisikii. Iko kama ya mutu mwingine."

Wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye mdomo wake hauna mlango, akasema, "Ya mtu mwingine? Basi mwambie huyo mwingine aende kuteka maji!"

Tulicheka sana siku hiyo. Wanawake wazee walimvua nguo wakamkagua mwili mzima kutafuta baka la ukoma. Hakuna. Wakaja watu wa boma wanaopima malale, wakatupanga mstari watushike shingo mmoja mmoja kutafuta tezi. Nikamsukuma Tausi mbele. Yule mpimaji akamgusa shingo, akamtazama macho, akasema kwa sauti kubwa, "Huyu hana malale. Huyu ana ugonjwa wa jembe." Mstari mzima ukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa na aibu.

Nikaona nimpeleke kwenye dawa isiyokosea. Mwalimu wetu alimwandikia kombe, aya kwenye sahani kwa zafarani, ikaoshwa, akanywa asubuhi saba. Asubuhi ya nane nikamuuliza. Akainamisha kichwa: "Mama, bado."

Ndugu zangu, hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka jiwe. Nikamwambia, "Kwa hiyo maneno ya Mungu yameshindwa na miguu yako?" Nikajiambia, kombe haliwezi kukosa. Kama halikuponya, basi hapakuwa na ugonjwa. Huyu msichana ni mwongo, na mwongo nitamtoa nje watu wamwone.

Siku ile tulikuwa tunachemsha machikichi ya mawese. Mnaojua kazi hii mnajua, yakiiva yanamwagwa kwenye mtumbwi wa zamani uliolazwa uwanjani, yanaachwa, kisha mkubwa anajaribu kwa mgongo wa mkono ndipo wakanyagaji waingie. Mkubwa ni mimi. Nilipitisha mkono juu juu, joto likanipiga usoni, nikamwambia yeye peke yake, kwa sauti ndogo, "Yamepoa. Tausi, ingia."

Nilitaka aruke. Nilitaka apige kelele mbele ya wifi na majirani, niseme, "Haya! Miguu imefufuka!"

Hakuruka. Aliingia, akainua kanga, akaanza kukanyaga. Polepole, kama kawaida yake. Watu walikuwa wanaongea, mmoja mmoja wakaacha. Mafuta yakapanda kwenye vifundo vya miguu. Mimi nilikuwa nimesimama nangoja kelele. Akaniangalia akaniuliza, "Mama, nikanyage mpaka wapi?"

Tulipomtoa, ngozi ilibaki kwenye mtumbwi.

Sasa nampaka asali kila siku. Vidonda havimuumi hata kidogo, ila mabega bado yanamliza. Watu wote amewaambia aliingia mwenyewe, hakunisubiri. Nami nimenyamaza, na swala tano naswali. Juzi, nikimbadilishia kitambaa, nikamuuliza kwa nini ananifichia kosa langu. Akasema, "Mama, mimi niliona mvuke. Macho yangu hayajakufa."

"Sasa uliingia kwa nini?"

"Nilisema labda nikiungua mutaniamini."

Nikafunga kitambaa, nikainuka na bakuli la asali.

Habari imefika kwamba mwanangu anarudi baada ya mwezi wa mfungo. Wifi anasema Tausi arudishwe Kigwena kabla hajafika. "Huyo ni mkoma ambaye ukoma wake haujatoka. Kama si mkoma ni mchawi. Binadamu gani anasimama kwenye moto halafu anauliza mpaka wapi?" Ukoo mzima uko upande wake. Akirudishwa na jina hilo, kwao nani atampokea? Na neno la kumwokoa ni moja tu, kwamba mimi ndiye niliyemuingiza nikijua yanaunguza, naye akatii. Nikilisema, mwanangu wa pekee hatakula tena kwa mkono wangu, naye atakuwa na haki. Nisipolisema, nitamficha vipi Mungu aliyeuona mkono wangu juu ya ule mvuke?

Najua wengine mtanitukana. Nitukaneni, nimestahili. Lakini mkishamaliza, nishaurini upesi: nimwambie nani kwanza, na nianzeje? Maana wifi ameshafunga mkeka wa Tausi, umesimama hapo mlangoni, na Tausi mwenyewe amekaa kando yake ananiuliza anaondoka lini.